Barua ya wazi kwa Kamishna wa Afya wa Texas: Chupa za kratomu zifunguliwe, zipimwe

Mheshimiwa Kamishna,

Mimi ni mkazi wa Houston, mzaliwa wa Afrika Mashariki. Ninakuandikia kuhusu kratomu, bidhaa ya majani ya mti wa Asia: unga, vidonge na vichupa vinavyopangwa karibu na keshia kwenye vituo vya mafuta na maduka ya sigara ya jimbo hili. Wanunuzi ninaowajua ni watu wa zamu za usiku. Wanabeba maboksi maghalani, wanageuza wagonjwa vitandani, wanaendesha malori. Mgongo unauma, bima ya afya hawana, na muuzaji anawaambia haya ni majani tu. Naomba ofisi yako ihakikishe kilichomo kwenye chupa kinajulikana kabla mtu hajakinywa.

Na jani lenyewe sina ugomvi mkubwa. Ni la mti wa jamii moja na mbuni, unaoota Thailand, Malaysia na Indonesia, na vibarua wa huko wamelitafuna vizazi na vizazi ili wahimili jua na kazi. Thailand ililipiga marufuku mwaka 1943, ikaja kuliondoa kwenye orodha ya mihadarati mwaka 2021. Sisi tunaoijua miraa habari hiyo haitushangazi: Kenya ni zao la biashara, ukivuka mpaka kuingia Tanzania ni jinai. Lakini mfanyakazi wa Houston hatafuni jani bichi. Anakunywa kitu kilichokamuliwa na kukolezwa kiwandani, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo.

Sheria ya jimbo, SB 497, iliyoanza kutumika Septemba 2023, inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, inakataza alikaloidi (kemikali za mmea zinazoathiri mwili) za kutengenezwa, na inataka ile iitwayo 7-OH isizidi asilimia 2 ya alikaloidi zote zilizomo. Ni sheria njema, lakini asilimia 2 ni uwiano. Haisemi mtu ameze kiasi gani. Gramu moja ya unga wa kawaida ina takriban miligramu 10 hadi 20 za mitraginini, alikaloidi kuu ya jani hilo. Kichupa cha dondoo kinachoenea kiganjani kinaweza kubeba miligramu 150 au zaidi. Aliyezoea kijiko kidogo cha unga anakigida kwa mkupuo mmoja kama soda, akiwa na usingizi na njaa, saa tisa usiku, naye amemeza dozi ya vijiko vingi. Uwiano haukuguswa, na sheria haikuvunjwa. Kikomo kinachoweza kumlinda mtu huyo ni cha miligramu kwa kila kipimo, kilichoandikwa kwa tarakimu kubwa mbele ya chupa.

Vidonge vya 7-OH ni balaa jingine. Katika jani kiasi chake ni chembe tu. Viwandani huipata kwa kuigeuza mitraginini. Inashika vipokezi vilevile vya ubongo vinavyoshikwa na mofini, tena kwa nguvu zaidi. Julai 2025, FDA, mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, ilipendekeza iwekwe kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa nchi nzima. Texas haina haja ya kusubiri: kidonge ambacho karibu chote ni 7-OH hakiwezi kutimiza asilimia 2 kwa hesabu yoyote ile. Kikionekana rafuni, maana yake hakuna aliyekuja kukiondoa. Na faini ya kosa la kwanza haizidi dola 250. Duka lenye wateja hulipa fedha hiyo na kuendelea kuuza.

Uchafu nao si hadithi. Mwaka 2018 watu 199 katika majimbo 41 waliugua kwa bakteria wa salmonela waliohusishwa na kratomu, na FDA ikatoa amri ya lazima ya kuondoa bidhaa sokoni, ya kwanza tangu ipewe mamlaka hayo, kwa sababu kampuni husika haikushirikiana nayo. Vipimo vyake vya baadaye vilikuta risasi na nikeli katika bidhaa kadhaa.

Kuna jambo ambalo halizungumzwi dukani kabisa. Mitraginini huzuia kimeng'enya cha ini, CYP2D6, kinachovunjavunja dawa nyingi, zikiwemo baadhi za presha na za sonona. Mama anayetunza wazee usiku na kumeza dawa yake ya presha asubuhi anapaswa kulijua hilo, na alijue kwa lugha anayoisoma. Kati ya Julai 2016 na Desemba 2017, katika majimbo yaliyochunguzwa na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kratomu ilikutwa kwa watu 152 waliokufa kwa kuzidisha dawa. Kwa 91 kati yao ilihesabiwa kuwa sababu mojawapo ya kifo. Wengi wao walikuwa pia na fentanili, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni. Kuchanganya ndiko kunakoua zaidi, na kibandiko kinapaswa kulisema hilo waziwazi.

Siombi marufuku. Arkansas iliipiga marufuku mwaka 2016 na Louisiana Agosti 2025. Mjini Texarkana, mji ulio mpakani mwa Texas na Arkansas, kuvuka barabara moja tu kunatosha kumgeuza mnunuzi kuwa mhalifu, na bado hakuna aliyejua chupa ina nini. Utah, jimbo la kwanza kupitisha sheria ya kumlinda mnunuzi wa kratomu, mwaka 2019, ilitaka kila bidhaa isajiliwe kabla ya kuuzwa. Msukume Bunge liige hilo, liweke kikomo cha miligramu, na umri upande hadi miaka 21.

Yaliyo mikononi mwako yasingoje kikao cha Bunge. Wakaguzi wanunue chupa madukani kama mnunuzi yeyote, wazipeleke maabara, na majibu yatangazwe kwa jina la bidhaa na namba ya toleo. Matangazo hayo yatolewe pia kwa Kiswahili. Tuko tayari kuyafasiri bila malipo na kuyabandika makanisani, misikitini na kwenye maduka yetu wiki hiyohiyo yatakapotoka.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Houston