Mkono wa Idi, na kalima iliyo ndani ya takbira

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Mwezi umeandama, nami nawapa mkono wa Idi nyote, mlio karibu na mlio mbali. Taqabbala Allahu minna waminkum.

Katika takbira tunazozileta tangu usiku hadi imamu asimame kuswalisha, imo nusu ya shahada: La ilaha illa Llah, hapana mungu ila Mwenyezi Mungu. Kwa furaha ya Idi huwa tunaipita mbio. Leo naomba tuitue kidogo moyoni.

Kalima hii huanza kwa kukanusha. Kabla ya kumthibitisha Mwenyezi Mungu, ulimi hukataa kwanza kila kinachoabudiwa kinyume Chake. Uzito wa kukataa huko aliujua Bilali bin Rabah. Alikuwa mtumwa, hana ukoo wa kumkingia kifua Makka. Bwana wake, Umayya bin Khalaf, alimlaza kwenye mchanga wa moto, jiwe kubwa kifuani, ili arudi kwa Lata na Uzza, miungu ya Makureshi. Akajibu: "Ahad, Ahad." Mmoja, Mmoja. Abubakar akamnunua na kumwacha huru. Kisha Makka ikafunguliwa, ikawa mikononi mwa Waislamu, Ramadhani ya mwaka wa 8 Hijria, masanamu 360 yaliyoizunguka Kaaba yakaangushwa, na aliyepanda juu ya Kaaba kuadhini ni Bilali yule yule. Wakuu wa Makureshi wakazisikia shahada zote mbili kutoka kinywani mwake.

Nusu ya pili, kwamba Muhammad ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, ndiyo inayotuonyesha njia ya kumwabudu huyo Mmoja. Zakatul-fitri kabla ya swala, tende kabla ya kutoka nyumbani, kurudi kwa njia nyingine: yote hayo tumeyapokea kwake.

Ramadhani nzima tumekataa hata maji ya halali kwa amri ya Mola. Hofu yangu ni Shawwal, mwezi huu unaofuata. Pesa, cheo na maneno ya watu hatuviiti miungu, lakini mara ngapi tunaviogopa na kuvitii kuliko Yeye? Mwenye kukataa kiu mwezi mzima anaweza kukataa na rushwa.

Wagonjwa Mola awape shifaa. Na wale tuliofunga nao mwaka jana, leo wako makaburini, awajaalie kalima hii iwe ndiyo kauli yao ya mwisho, nasi atujaalie hivyo hivyo. Amin.

Idd Mubarak.