Zainabu, usizitume tena hizo milioni tatu

Mpendwa Zainabu,

Asalaam alaikum. Habari za Jinja, na watoto? Mguu wa Shangazi umepona, au bado anaufunga na majani? Huku Arua tuko wazima, mvua imeshika, na barabara ya kwetu unaijua.

Ujumbe wako umenifika jana. Kwamba baba yako, Mzee, kazirudisha tena zile milioni tatu alizokukopesha alipouza ng'ombe, na safari hii kakuambia usimletee mambo ya benki nyumbani kwake. Naona umeumia, na una haki ya kuumia. Lakini pale uliposema Ijumaa utazituma kwa namba ya simu ya Mama, hapo nakuomba sana usifanye hivyo. Mama atalazimika kumficha mumewe kitu, au kumwambia na kugombezwa kwa ajili yako. Na simu yenyewe inashikwa na wajukuu. Ujumbe wa pesa nyingi ukiingia mchana, kabla ya magharibi Bombo nzima inajua, na wenye shida zao wataanza kubisha hodi. Tena ni hasara tupu. Ukituma kuna ada, akirudisha kuna ada nyingine, na kama angekubali kuzitoa kwa wakala, juu ya ada ya kutoa serikali inakata kodi ya asilimia 0.5. Kwa milioni tatu kodi peke yake ni shilingi 15,000.

Wewe umeyafunga mambo mawili kwenye fundo moja. Pesa kuingia nyumbani ni jambo moja, na deni kufungwa ni jambo lingine. Pesa zina milango mingi. Deni linafungwa kwa kinywa cha mwenye kudai, na watu wasikie.

Nalisema hili kwa sababu unajua dini yetu ilivyo kwenye deni. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inaamuru deni liandikwe, na aya ya 280, kidogo kabla yake, inasema kumsamehe mwenye dhiki ni kheri. Mzee huenda moyoni ameshasamehe. Lakini ya moyoni nani atayashuhudia? Mungu ampe umri mrefu, ila siku ikifika, anachodai marehemu ni sehemu ya mali yake, na warithi wote wana fungu humo. Kaka zako walikuwepo ng'ombe walipouzwa. Hassan hatasema kitu, lakini yule mwingine unamjua. Atauliza zile za ng'ombe ziliishia wapi, na wewe utajibu nini? Kwamba zilitumwa mara tatu zikarudi? Na hata kama alisamehe, kumpa mtoto mmoja na kuwaacha wengine ni jambo ambalo Mtume alilikataa, pale baba yake Nu'man bin Bashir alipotaka kumpa Nu'man peke yake. Ndiyo maana nasema ndugu wasikie, na kama wana neno, walitoe Mzee akiwa hai.

Kabla hujaenda, tafuta kwanza pesa zile zilitoka wapi. Ng'ombe wawili hawakufika milioni tatu mwaka ule, sote tunajua bei ilivyokuwa. Nilisikia kwamba sehemu ilitoka kwa Haji, na kwamba makubaliano ya kibanja, ile karatasi ya kipande cha ardhi cha Mzee, yaliwekwa kwake kama dhamana. Sina hakika, muulize Hassan. Ikiwa ni kweli na bado kuna salio, basi huyo ndiye anayekudai kwanza, maana Mzee anakataa zako huku yeye mwenyewe anadaiwa kwa ajili yako. Hapo usimngoje Mzee akubali. Nenda na Hassan, mlipe Haji mkononi, aandike kwamba amepokea, aweke sahihi, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, agonge muhuri. Makubaliano ya kibanja yarudi siku ileile, na uyasome kabla hujaondoka: jina la Mzee, majina ya majirani wa mipaka, sahihi za mashahidi. Nakala haitoshi, taka yenyewe. Watu wamelipa deni lote wakarudi na nakala, kisha kibanja kikauzwa kwa ile karatasi ya kwanza.

Ukimaliza hilo, ndipo uende kwa Mzee. Nenda mwenyewe, bila bahasha. Akiona bahasha atakasirika kabla hujafungua mdomo. Usiende siku ya Idi wala siku ya msiba, nyumba ikijaa watu atajibu kwa ajili ya wageni. Baada ya alasiri ni vizuri, akiwa ameshakunywa chai. Awepo Baba Mdogo, maana kwake hapandishi sauti, na awepo Hassan. Mama akae karibu asikie.

Mwulize hivi, bila kuzunguka: "Mzee, zile milioni tatu, ni deni au umenisamehe? Kama umenisamehe, niambie mbele ya hawa nipate kulala. Kama ni deni, nionyeshe njia ya kulilipa." Kisha nyamaza. Najua wewe kunyamaza ni kazi, lakini nyamaza. Atasema "wewe ni mwanangu, deni gani hilo?" Hilo si jibu, ameshalisema mara tatu. Mwulize tena polepole, kwa neno lilelile la kusamehe. Usimwambie kwamba sasa una uwezo, usitaje mshahara, usitaje gari. Mzazi mwingine anakataa kwa sababu anaona mtoto bado anahangaika, lakini Mzee nadhani ana hofu nyingine, kwamba ukishalipa utakuwa umemaliza naye. Kila ukituma, anasikia kama unaaga. Kwa hiyo kabla ya swali, mwambie utakuja lini tena, na utaje mwezi.

Akisema amesamehe, Hassan aandike palepale kwenye daftari: tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, neno alilotamka Mzee, majina ya waliosikia. Kama Mzee hataki kutia sahihi, usimlazimishe, Baba Mdogo atie yake. Mistari minne inatosha.

Halafu, ukishasamehewa, pesa zako ziko huru na milango iko wazi. Mdogo wenu anaingia Senior Four, kidato cha nne, mwakani, na mbali ya ada kuna pesa za kuandikishwa mtihani wa taifa wa UNEB ambazo wazazi wengi huzikumbuka siku za mwisho. Lipa moja kwa moja kwa namba ya malipo ya mwanafunzi, kabla muhula haujafunguliwa, na umpe Mama risiti. Mzee hawezi kuirudishia shule pesa. Umeme vivyo hivyo: chukua namba ya mita ya Yaka, ile ya kulipia kabla, ununue mwanzoni mwa mwezi, uniti 15 za kwanza zina bei nafuu.

Jiko la Mama ndilo ningelianza mimi. Lile bati limeliwa na moshi, mvua ikinyesha anahamisha sufuria. Ukinunua mabati, kumbuka namba ya geji ikipanda bati linapungua unene, 28 ni nene kuliko 30. Wauzaji wengine wanakuonyesha 28 dukani na kukupakilia 30, kwa hiyo soma maandishi kwenye kila bati likipakiwa. Fundi alaze bati juu ya bati kwa wimbi moja na nusu ubavuni na sentimita 15 kwenye kiungo cha juu na chini, na misumari yenye mpira ipigwe mgongoni mwa wimbi. Wakipiga bondeni, maji yatapita kwenye kila tundu, na Mama atarudi kulekule kuhamisha sufuria.

Ng'ombe wa Friesian usiwanunulie. Najua Halima amekushauri. Ng'ombe wa maziwa anakunywa jerikeni tatu hadi tano za lita ishirini kwa siku, anataka majani ya kukatwa, anataka kupulizwa dawa ya kupe kila wiki la sivyo homa ya kupe inamwua. Nani atachota hayo maji, Mama?

Na kama Mzee atakataa yote mawili, hasamehi wala hapokei? Hapo usiendelee kumsukuma. Zitenge. Watu watakuambia ununue bondi za serikali kupitia Benki Kuu, kwamba zinaanzia shilingi 100,000 tu, na ni kweli, lakini faida yake ni riba, na Mzee akijua hutaingia tena nyumbani. Benki ya Kiislamu sasa ipo, ilipewa leseni mwaka 2023. Fungua akaunti wewe na Hassan, pesa zitoke kwa sahihi mbili, na muandike kwenye lile daftari kwamba ni za Mzee na Mama, kwa matibabu yao. Usiiweke kwa jina lako peke yako. Ukipatwa na jambo, mumeo atajuaje kwamba hizo si zako? Na kila mwaka umwambie Mzee mbele ya Hassan kwamba bado zipo, zinamngoja.

Sasa nijibu haya. Haji bado yuko Bombo au amehamia kwa mwanawe? Makubaliano ya kibanja umewahi kuyaona kwa macho yako? Baba Mdogo na Mzee wanasalimiana siku hizi, baada ya yale ya Ramadhani? Na mumeo anajua kiasi chenyewe, au unabeba peke yako? Jiko lina upana wa hatua ngapi, ili nimwulize fundi wa huku idadi ya mabati? Nipigie kabla ya Ijumaa, hata usiku.

Wako,
Mariamu