Barua kwa Rehema: deni la pilipili

Mwanangu Rehema,

Sisi huku Tanga hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali nasi. Baba yako anakusalimu, na bibi kila siku anauliza kama unakula.

Uliponipigia Jumapili, nilijua kabla hujasema. Sampuli zimeharibika tena, na miezi minane ya maabara haijakupa kitu cha kumwonyesha msimamizi wako. Kwenye simu nilikosa la kukujibu. Baadaye nikakumbuka nina deni lako la zamani, nikaona nikulipe kwa barua.

Ulikuwa na miaka sita. Tulichuma pilipili kichaa nyuma ya jiko, ukajipangusa macho kwa vidole vilevile. Nakuosha, nawe katikati ya kwikwi unauliza, "Mama, mbona naungua na moto hakuna?" Mwalimu wa baiolojia mzima, nikakuambia ndivyo pilipili ilivyo. Ukauliza tena, mbona kuku wanazidonoa na hawalii? Nikakuambia nyamaza. Neno hilo linaniuma hadi leo.

Majibu yote mawili yalikwisha kupatikana, mimi ndiye sikuyajua. Kule San Francisco, mwanasayansi David Julius na wenzake walichukua vipande vingi mno vya DNA kutoka neva za hisia, wakavitia kwenye seli ambazo pilipili haizishtui, wakangoja ipi itashtuka. Mwaka 1997 wakatangaza jeni waliyoipata. Protini inayotengenezwa kwa jeni hiyo hukaa kwenye utando wa neva kama mlango. Kapsaisini, ile kemikali inayoifanya pilipili iwashe, ikigusa, mlango unafunguka, ioni za kalsiamu na sodiamu zinamiminika ndani, na habari inakimbia hadi kwenye ubongo. Kisha wakaupasha joto mlango uleule. Ulipopita nyuzi 43, ukafunguka pia! Kwa hiyo hukukosea, mwanangu: uliungua kwa kupitia mlango wa moto wenyewe. Kuku nao wanao mlango huo, na joto wanalisikia, ila wa kwao kapsaisini haiufungui.

Lakini anayenijia sana nikikufikiria wewe ni mwanasayansi mwingine, Ardem Patapoutian. Alizaliwa Beirut mwaka 1967, katika familia ya Kiarmenia, akakulia kwenye vita. Mwaka 1986 alihamia Los Angeles. Akapeleka piza majumbani, akaandika utabiri wa nyota kwenye gazeti la Kiarmenia, ndipo akaingia chuo. Swali lake lilikuwa la mguso: neva inajuaje kwamba imebonyezwa?

Yeye na Bertrand Coste, mtafiti mwenzake, walikuwa na seli ambayo ukiibonyeza kwa ncha ya kijibomba cha kioo, inatoa mkondo mdogo wa umeme. Wakaorodhesha jeni 72 walizozishuku. Wanaizima moja, wanabonyeza, umeme upo. Wanaizima nyingine, wanabonyeza, umeme upo. Hebu jione wewe na kile kiti chako cha maabara, siku baada ya siku, na kila jioni jibu ni "siyo hii". Jeni ya 72 ilipozimwa, seli ikabonyezwa na ikanyamaza. Mwaka 2010 wakaitangaza kwa jina la Piezo1, kutokana na neno la Kigiriki la kubonyeza, pamoja na nduguye Piezo2.

Hiyo Piezo2 ndiyo inayokuwezesha kufumba macho ukagusa pua yako bila kupapasa. Jaribu sasa hivi. Wapo watu waliozaliwa bila Piezo2 inayofanya kazi. Wakifungwa kitambaa machoni, hawajui mikono yao iko wapi. Niliposoma hayo niliweka karatasi chini nikajishika mkono.

Zile jeni 71 sizioni kama hasara, Rehema. Kila moja ilifutwa kwa haki, ikaandikwa. Nawe ziandike sampuli zako zilizoharibika, tarehe na joto la friji, hata kama hakuna atakayeuliza.

Julius na Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel Oktoba 2021. Huko California ilikuwa usiku, na simu ya Patapoutian ilikuwa imezimwa sauti. Aliyepatikana ni baba yake, mzee wa miaka 94, ndiye akamfikishia mwanawe habari.

Nami simu yangu usiku naiacha wazi, mezani karibu na kichwa. Piga hata kama umekwama tu.

Mama yako