Kumfukuza mbwa hakuondoi viroboto nyumbani

Mhariri,

Kila msimu wa mvua unapoanza, hasa mvua za Machi hadi Mei, mzozo uleule huzuka katika nyumba za kupanga hapa Bombo na katika miji mingine mingi ya Uganda. Mpangaji mmoja ana mbwa, watoto wa jirani wameamka na vipele miguuni, na kabla jua halijatua suala limeshafikishwa kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), ambaye huamua kwamba mbwa aondolewe. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini uamuzi huo, ingawa hasira iliyouzaa inaeleweka, huwaacha walalamikaji na viroboto walewale, tena wenye njaa zaidi.

Viroboto tunaowaona wakikimbia katika manyoya ya mbwa ni sehemu ndogo ya jeshi lao. Wataalamu wa mifugo hukadiria kwamba viroboto wazima ni kama asilimia 5 tu ya wote waliomo katika nyumba iliyovamiwa, na asilimia 95 iliyobaki ni mayai, mabuu na vifukofuko. Jike akishanyonya damu huanza kutaga ndani ya siku moja au mbili, na anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo hayashiki kwenye manyoya, bali huporomoka kila mbwa anapojikung'uta, kwa hiyo penye mazoea yake ya kulala, iwe ni chini ya kitanda, juu ya gunia barazani au nyuma ya kochi, ndipo penye kitalu. Buu likianguliwa hukimbia mwanga na kujificha katika nyufa za sakafu, chini ya mkeka au ndani ya vumbi la pembeni, ambako hula kinyesi cha viroboto wazima, ambacho kwa hakika ni damu iliyokauka. Linahitaji unyevunyevu ili liishi, na hiyo ndiyo sababu mvua huwaongeza.

Linalotushinda hasa ni kifukofuko. Buu likishajifungia ndani yake, dawa nyingi za kunyunyizia hazilifikii, na kiroboto aliyekamilika anaweza kutulia humo kwa wiki kadhaa, hata miezi, akingoja dalili kwamba mnyama amekaribia: mtikisiko wa sakafu, joto la mwili, au hewa tunayoitoa tunapopumua. Ndiyo maana mpangaji huhama na mbwa wake, mzigo, yaani chumba chake cha kupanga, ukakaa mtupu mwezi mzima, kisha mpangaji mpya asiye na hata kuku akaingiza godoro lake na kuumwa vifundoni jioni ileile. Jirani zake watamwambia kwamba waliomtangulia walikuwa wachafu. Huenda walikuwa wasafi kuliko yeye, maana nyayo zake mwenyewe ndizo zilizowaamsha wadudu hao.

Mbwa akiondolewa, basi, kitalu hubaki na wanaoanguliwa hutafuta damu iliyo karibu, yaani ya watoto. Wenzetu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wanaijua kanuni hii kwa uchungu kuliko sisi. Katika wilaya kama Arua na Zombo, ambako ugonjwa wa tauni umewahi kuzuka mara nyingi na huenezwa zaidi na viroboto wa panya, wataalamu wa afya husisitiza kwamba viroboto wauawe kwanza ndipo panya wafuate, kwa sababu panya akifa viroboto humwacha na kumtafuta mwingine wa kumuuma. Sisemi kwamba kiroboto wa mbwa wa Bombo analeta tauni. Nasema kwamba mdudu huyu akinyang'anywa mnyama anayemnyonya hafi siku hiyohiyo.

Kosa la pili, ambalo kwangu ni baya zaidi kwa kuwa linaua, ni kumwogesha mbwa kwa dawa ya kupe ya ng'ombe. Nafahamu kwa nini watu hufanya hivyo: dawa hiyo ipo katika kila duka la pembejeo, hupimwa kidogokidogo katika chupa ya soda isiyo na lebo, na bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya dawa ya mbwa. Lakini mojawapo ya dawa zinazotumika sana, amitrazi, imekusudiwa kupe na utitiri, na kwa viroboto haina nguvu ya maana. Mtu humlewesha mbwa wake, mapigo ya moyo yakapungua, na viroboto wakaendelea na shughuli zao. Zile zenye klopairifosi zinaweza kweli kumuua kiroboto, ila mbwa hujilamba, na muda si mrefu utamwona akitokwa na mate mengi, akitetemeka na kuhema kwa shida. Zile zenye saipametrini, pamoja na dawa za mbwa zenye pametrini, ni hatari kubwa kwa paka, ambaye ini lake haliwezi kuivunja sumu hiyo, kwa hiyo hata paka anayelala ubavuni mwa mbwa aliyetoka kupakwa anaweza kufa. Oili chafu ya gari na mafuta ya taa sitayajadili kwa urefu. Huunguza ngozi, na mwenye kuyapaka angejaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe.

Njia inayofaa huanza kwa uhakika. Mchane mbwa kwa kitana cha chawa juu ya karatasi nyeupe, hasa mgongoni karibu na mkia, kisha zidondoshee matone ya maji zile chembe nyeusi zilizoanguka. Zikitoa rangi nyekundu ya kutu, hizo ni kinyesi cha viroboto, hata kama hujamwona hata mmoja. Anapoogeshwa, povu la sabuni lianzie shingoni, likamzunguka kama ukosi, ndipo lishuke kiwiliwili, la sivyo viroboto watakimbilia masikioni na machoni. Wanaonaswa na kitana watumbukizwe katika beseni la maji ya sabuni, kwa kuwa katika maji matupu wengi huelea na kuruka tena. Mbwa akishakauka apewe dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, ya matone ya mgongoni au ya kidonge, kwa kipimo cha uzito wake na kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki 8 asipakwe dawa bila ushauri huo. Achanwe na kuoshwa kila siku, na ufizi wake utazamwe, maana viroboto wengi wanaweza kumnyonya damu mpaka ufizi ukapauka na akafa.

Siku hiyohiyo, wala si wiki inayofuata, nyumba nayo ishughulikiwe. Gunia analolalia mbwa lichomwe. Kama ni blanketi, lichemshwe. Magodoro na mikeka itolewe juani mchana kutwa, vitanda vivutwe, vumbi la pembeni na la kwenye nyufa lifagiliwe lote na kutupwa ndani ya moto, kisha sakafu ya saruji ipigwe deki kwa maji ya sabuni. Ndipo inyunyiziwe dawa ya wadudu ya majumbani, chini ya vitanda na makochi na kando ya kuta, vyakula na maji vikiwa vimefunikwa, watoto na wanyama wakiwa nje mpaka pakauke. Ikipatikana dawa yenye kiambato cha kuzuia mayai na mabuu kukua, kama piriproksifeni, hiyo ndiyo bora, kwa kuwa hukata mzunguko wao.

Katika wiki ya pili au ya tatu viroboto wapya wataonekana, na hapo wengi hukata tamaa na kudai kwamba wameuziwa dawa bandia. Dawa bandia zipo, sikatai, lakini mara nyingi hao ni wale waliokuwa ndani ya vifukofuko siku ya kunyunyizia. Kuendelea kufagia kila siku huwaharakisha watoke wakutane na dawa iliyobaki sakafuni na juu ya mbwa. Mbwa arudiwe dawa kwa ratiba iliyoandikwa kwenye paketi kwa muda wa miezi mitatu hivi, hata kama hajikuni tena.

Akionekana na vipande vyeupe kama punje za mchele kuzunguka mkundu, apewe pia dawa ya minyoo yenye prazikwanteli. Minyoo hiyo ya tegu huingia kwa kumeza kiroboto, na mtoto mdogo anayecheza sakafuni anaweza kuipata kwa njia hiyohiyo.

Yote haya ni kazi bure ikiwa mpangaji mmoja kati ya wanane ndiye anayehangaika, kwa sababu mbwa na paka hawatambui mpaka wa chumba. Nawaomba maafisa mifugo wa wilaya, wanapokuja kuchanja mbwa dhidi ya kichaa cha mbwa, watenge muda wa kuwaonyesha wananchi waliokusanyika jinsi ya kumchunguza mbwa kwa kitana, na kuwaeleza hatari ya dawa ya ng'ombe. Wenye nyumba nao wanyunyizie chumba kila mpangaji anapohama, kabla ya kukabidhi ufunguo kwa mwingine. Na mwenyekiti wa LC1, badala ya kutoa amri ya kumwondoa mbwa, atangaze Jumamosi moja ambayo mizigo yote ya uani itafagiliwa na kunyunyiziwa kwa pamoja, mwenye nyumba akilipia dawa ya sakafu, na mwenye mbwa akilipia ya mbwa wake.

Mpangaji na mfugaji wa mbwa,
Bombo, Wilaya ya Luweero