Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Usafi wa Mbegu ya Kanola

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina. Mimi nitazungumzia mizigo ya kanola, zao letu la mbegu za mafuta, iliyorudishwa na kiwanda msimu huu kwa kuchanganyika na gugu liitwalo haradali mwitu. Najua wenzetu kadhaa wa huku Timau waliona wameonewa. Msimamo wangu ni kwamba kiwanda kilikuwa na haki.

Kanola ilizaliwa Kanada kutokana na zao la rapa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili rapa ililimwa huko kwa ajili ya kulainisha mitambo ya meli za mvuke, maana mafuta yake hung'ang'ania chuma hata kikiwa na maji. Kwa chakula yalitiliwa shaka: yalijaa asidi ya eruki, iliyohofiwa kudhuru moyo. Mashudu nayo yalikuwa na kemikali chungu ziitwazo glukosinolati, mifugo wakayasusa.

Keith Downey kule Saskatoon na Baldur Stefansson wa Chuo Kikuu cha Manitoba ndio walioziondoa kasoro hizo mbili, kwa kuchagua mbegu. Hebu itazameni punje ya kanola kiganjani, haifiki hata milimita tatu. Downey na mwenzake Bryan Harvey waliipasua punje hiyo, kipande kimoja wakakipima mafuta, kilichobaki na kiini wakakipanda. Punje baada ya punje! Mwaka 1974 Stefansson akatoa aina iitwayo Tower, ya kwanza kupunguza asidi na uchungu kwa pamoja. Leo mafuta ya kanola hayaruhusiwi kuzidi asilimia 2 ya asidi ya eruki.

Haradali mwitu inayarudisha yote mawili. Maua yake ni ya njano kama ya kanola, na punje zinafanana kiasi kwamba chekeche haizitenganishi. Zikishaingia kwenye kinu, zinapondwa, zinapashwa moto na kukamuliwa pamoja, na hakuna wa kuzitoa tena.

Kwa hiyo kamati inapendekeza mambo haya, na naomba tuyapigie kura leo: tununue mbegu iliyothibitishwa badala ya kupanda masalio ya ghalani, shamba lililovamiwa na haradali lirudi kwenye ngano au shayiri, ambako magugu ya majani mapana hupigwa dawa kwa urahisi, na kombaini ya kukodi isafishwe mbele ya mwenye shamba kabla haijaanza kuvuna.