Shujaa wa katuni asijaziwe namba tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu msomaji aliyeandika juma lililopita kuhusu michezo ya mezani ya kuigiza wahusika. Alishauri kwamba mtoto akitaka kucheza kama shujaa anayempenda wa katuni, apewe namba za juu kabisa za uwezo kwenye karatasi ya mhusika wake ili asivunjike moyo. Nia yake ni njema. Lakini mimi nilifanya hivyohivyo, na watoto walichoka kabla saa moja haijaisha.

Nimeongoza michezo ya Dungeons & Dragons kwa miaka 11. Mwaka jana mpwa wangu alipenda katuni ileile niliyoitazama utotoni, iliyotokana na mchezo huo na kurushwa na kituo cha CBS cha Marekani kuanzia 1983 hadi 1985. Vijana sita wanatupwa katika ulimwengu wa mazimwi, na kila mmoja anakabidhiwa kifaa kimoja cha ajabu. Mpwa wangu na wenzake watatu wakaniomba niwageuzie wanne kati ya hao wawe wahusika wao.

Nilianza na Bobby, yule mdogo mwenye rungu. Rungu lake linapasua miamba, basi nikamwandikia nguvu 18. Ukiitafuta namba hiyo kwa kurusha dadu tatu za pande sita, 18 hutoka mara moja tu kati ya 216. Wenzake nao wakadai zao, nikawapa. Jioni ile kila mlango ulivunjika kwa pigo la kwanza na kila zimwi likaanguka papo hapo. Hakuna aliyehitaji msaada wa mwenzake.

Usiku nilizitazama zile karatasi nikaona nilipokosea. Nguvu iko kwenye rungu, si kwenye mkono wa Bobby. Mnyang'anye rungu, anabaki mtoto anayemtafuta dada yake, Sheila. Nikazichana zote nne na kuandika upya: Bobby nguvu 10, na nyongeza yote ikakaa kwenye rungu. Kikao kilichofuata adui alilikwapua, na watoto wote wanne wakasimama kwenye viti.

Presto ndiye aliyenipa kazi kubwa, na ndiye ninayempenda zaidi. Ni mwanamazingaombwe ambaye kofia yake mara nyingi hutoa kitu kisichoombwa. Ukimwandika kama mchawi wa kawaida, mwenye orodha ya uchawi unaotii, umeshampoteza. Nilichofanya ni hiki: anataja anachotaka, anarusha dadu ya pande 20, na akipata chini ya 11 ninachomoa kadi moja kutoka kwenye rundo la vitu nilivyoviandika mwenyewe. Kitu hicho lazima kiwe kizima na kifanye kazi yake. Siku moja walikuwa wamenasa ndani ya shimo refu. Presto akaomba ngazi, dadu ikasema 4, kadi ikasema bomba la maji lililofunguka. Palikuwa kimya kwa muda. Kisha msichana anayecheza Bobby akauliza, polepole, kama rungu lake ni la mti. Nikamwambia ndiyo. Wakalikumbatia wote wanne, maji yakajaa, wakaelea hadi ukingoni. Jibu hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

Kwa Eric, mwenye ngao na manung'uniko yasiyokwisha, sheria za mchezo za mwaka 2014 zinatosha. Zinataka kila mhusika aandikiwe kasoro yake, na mchezaji anayeiigiza vizuri anaweza kuzawadiwa ruhusa ya kurusha dadu mara mbili na kuchukua namba kubwa. Mtoto analalamika kwa moyo wote, halafu anaitumia zawadi hiyo kuwakinga wenzake.

Ningemwomba msomaji mwenzangu amfikirie Sheila. Ana joho la kumfanya asionekane, na kazi yake ni kutangulia mbele kupeleleza. Lakini katika katuni, anachokiogopa kuliko vyote ni kubaki peke yake. Namba 18 haiwezi kubeba jambo hilo. Kwenye karatasi ya mpwa wangu tuliandika kwamba akiwa mbali na wenzake anarusha dadu mbili na kuchukua ndogo. Alisoma mstari huo mara mbili, akaniambia, "Mjomba, huyu sasa ndiye Sheila."

Kikao kijacho wanaingia pangoni kwa Tiamat, joka la vichwa vitano ambalo hata Venger, adui yao mkuu, analihofia. Sheila ndiye atakayetangulia. Mpwa wangu ameshaniuliza kama mtu aliyevaa joho anaweza kushikwa mkono na mwenzake. Nimemwambia anaweza, ila huyo wa kumshika ataonekana.

Msomaji wako,
Mwongoza mchezo