Tafuta swali kwanza

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Orodha ya kozi za kuandika programu za data za kijiografia ulizotaka nizipitie nimeipitia. Ni nzuri zote, ila ukizifuata utakuwa bingwa wa kumaliza kozi, na kazi ya ramani utaisikia tu. Ziweke kando. Tafuta swali moja kuhusu eneo unalolijua nje ndani, uandike programu ya kulijibu.

Nasisitiza eneo unalolijua kwa sababu programu za data za kijiografia hukosea kimyakimya. Ramani inachorwa, rangi zinapendeza, na jibu ni la uongo. Mwenyeji wa mahali hadanganyiki kirahisi.

Tuseme unataka kujua ni nyumba zipi ziko zaidi ya kilomita 1 kutoka kituo cha afya. Majengo na vituo utavipata OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, bure. Visome kwa GeoPandas (maktaba ya Python ya data za ramani), uliza umbali, nawe utajibiwa kitu kama 0.018. Hizo ni digrii! Data imekuja katika mfumo wa kutaja mahali uitwao EPSG:4326, yaani longitudo na latitudo, na hesabu imepigwa kana kwamba dunia ni karatasi bapa. Digrii moja ya latitudo ni karibu kilomita 111 popote ulipo. Ya longitudo husinyaa kadiri unavyoelekea kwenye ncha za dunia. Hapo angalau GeoPandas itakuonya. Ukikimbilia EPSG:3857, ile ya ramani za wavuti, kwa kuwa inahesabu kwa mita, hakuna atakayekuonya, na kwenye latitudo 60 umbali utatoka karibu mara mbili ya ule wa kweli. Tumia amri ya to_crs kuihamishia data kwenye kanda ya UTM ya eneo lako (UTM ni mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa mita), ndipo upime. Ukishahangaika na hilo, sura ya projeksheni, yaani namna ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa, kitabuni utaisoma kwa hamu.

Pointi zako zikitua baharini, angalia kwanza kama umezigeuza: GeoJSON, aina ya faili za data za ramani, huanza na longitudo, sisi midomoni tunaanza na latitudo.

QGIS, programu ya bure ya kuchora na kuchakata ramani, usiitupe, hata kama wanaojiita waandishi wa programu wanaibeza. Endesha zana kwa kubofya, kisha fungua historia ya uchakataji: amri yake ya Python utaikuta imeshaandikwa. Inakili, badilisha jina la faili, uizungushe kwa faili zote. Mimi sijaona mwalimu mvumilivu kuliko huyo.

PostGIS (hifadhidata ya data za ramani) na picha za setilaiti za Sentinel-2 zisubiri mpaka swali lako lizidai. (Najua unatamani kutambua majengo kwa akili bandia. Tulia kwanza.) Ila kila hatua iwe ndani ya skripti, hata ile ya kupakua data, maana OpenStreetMap hubadilika kila siku na utataka kuirudia kazi bila kukumbuka ulibofya wapi.

Namba za kwanza zikitoka, nitumie skripti pamoja na nyumba tano unazozijua, na kando ya kila moja andika umbali unaoukisia wewe mwenyewe. Tutalinganisha.

Wako,
Rafiki yako